Arolas alisoma noti, tena kwa miaka mitatu

Kila inapopita mtandaoni picha ya Eduardo Arolas, mtunzi wa tango (ule muziki wa dansi wa Argentina), akiwa na bandoneoni yake, chombo cha mvukuto kinachofanana na akodiani, magotini, hukosi mtu wa kuandika chini yake: "Huyu bwana hakujua noti hata moja. Kipaji cha kuzaliwa." Wiki hii nimeikuta tena sentensi hiyo, na safari hii aliyeiandika ni mwalimu wa muziki. Wanafunzi wake wamejipanga chini yake kushukuru kwamba, kumbe, na wao hawana haja ya kuhangaika na solfa, yaani kusoma sauti kwa do re mi. Hapo ndipo nilipoona sina budi kuandika.

Arolas alijua noti. Alizisoma darasani huko Buenos Aires kuanzia mwaka 1911, kwa miaka mitatu, kwenye shule ya José Bombig, aliyekuwa kiongozi wa bendi ya gereza kuu la taifa. Alifundishwa nadharia, solfa na harmonia, yaani jinsi sauti zinavyopangwa zilie pamoja. Katika ule usemi wa mtandaoni ukweli uliomo ni mmoja tu: alipotunga tango yake ya kwanza, Una noche de garufa, mwaka 1909, alikuwa kijana wa miaka 17 na hakuweza kuiandika. Wengine ndio walioisikiliza kutoka vidoleni mwake wakaiweka karatasini, na mpiga fidla Francisco Canaro anatajwa kuwa mmoja wao. Jambo la mwaka mmoja wa ujana limevutwa hadi likafunika maisha yote ya mtu.

Maisha yake nayapitia upesi. Alizaliwa tarehe 24 Februari 1892 mtaa wa Barracas, kusini mwa Buenos Aires, penye viwanda na maghala kandokando ya mto Riachuelo. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ufaransa, na jina alilopewa ni Lorenzo Arola. "Eduardo" na ile "s" ya mwisho vilikuja na kazi. Alianza na gitaa, akahamia kwenye bandoneoni kwa mwalimu Ricardo González, ambaye wenyewe walimwita Muchila. Mkono wake ulikuwa mwepesi pia kwenye kuchora na kuandika herufi za mabango. Alipiga pamoja na mtunzi Agustín Bardi, akapiga na mpiga piano Roberto Firpo na kutunga naye Fuegos artificiales, kisha akawa na okestra yake mwenyewe, ambamo Juan Carlos Cobián alipita kwenye piano na kijana Julio De Caro kwenye fidla. Alihamia Montevideo, akaenda Paris mwaka 1920, na huko Paris ndiko alikofia tarehe 29 Septemba 1924, akiwa na miaka 32. Ameacha tango zaidi ya 100. Watu wa nyumbani walimwita El Tigre del Bandoneón, Simbamarara wa Bandoneoni.

Kuhusu kifo chake, kuna hadithi kwamba makuwadi wa Paris walimpiga hadi kufa kwa sababu ya mwanamke. Cheti cha kifo kinasema kifua kikuu. Alikuwa mnywaji sana, mapafu yameharibika, na zama hizo kifua kikuu hakikuwa na dawa. Mabaki yake yalirudishwa Argentina mwaka 1954. Hadithi ya makuwadi inapendwa kwa sababu ileile inayofanya ile ya "hakujua noti" ipendwe: watu wanamtaka mwanamuziki wa tango awe mhuni mwenye kipaji, asiwe mtu aliyekaa dawatini akafanya mazoezi ya harmonia.

Sasa nije kwenye chombo, maana nusu ya kosa inazaliwa hapo. Msikilizaji wa taarab ya Unguja anaijua akodiani. Mkono wa kulia unapiga vibao kama vya piano, na mkono wa kushoto una vifungo ambavyo vingi vyake, ukibonyeza kimoja tu, vinatoa sauti tatu kwa pamoja, zimeshapangwa kiwandani. Uvute mvukuto au uusukume, kibao kilekile kinatoa sauti ileile. Anayeijua akodiani akiiona bandoneoni anadhani ni mdogo wake, kwa hiyo anadhani pia kwamba mtu mwenye sikio zuri ataiokota barabarani kama wengi walivyookota akodiani.

Bandoneoni ni kitu kingine. Ni sanduku la pembe nne, vifungo pande zote mbili, mkanda unapita juu ya mgongo wa kila kiganja. Ile iliyokuja kuwa ya kawaida Argentina na Uruguay, ikitengenezwa Carlsfeld katika jimbo la Saxony, Ujerumani, ina vifungo 71: kulia 38, kushoto 33. Kila kifungo kinatoa sauti moja ukivuta mvukuto na sauti nyingine ukiusukuma, jumla 142. Hakuna kifungo kinacholeta kodi, yaani sauti kadhaa za pamoja, iliyokwisha pikwa. Ukitaka sauti tatu pamoja, utafute vifungo vitatu, tena vitatu vya kuvuta si sawa na vitatu vya kusukuma. Kwa hiyo mpigaji anabeba kichwani ramani nne: kulia kuvuta, kulia kusukuma, kushoto kuvuta, kushoto kusukuma. Hakuna mbili zinazofanana.

Na ramani zenyewe hazikupangwa kwa ngazi ya do re mi. Bandoneoni ilikua kwa kuongezewa. Vyombo vya mwanzo vilikuwa na vifungo vichache vilivyotosha nyimbo za funguo chache, yaani ngazi chache za sauti. Wapigaji wakataka zaidi, mafundi wakaongeza vifungo kwenye kingo, bila kuvigusa vya katikati ili wenye chombo cha zamani wasipotee. Ndiyo sababu ukianzia katikati unakuta mpango unaoeleweka, lakini ukitoka kuelekea pembeni unakuta nyumba iliyoongezewa chumba kila mtoto alipozaliwa: mlango huku, dirisha kule, na choo kimepita jikoni.

Shika hilo, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini sikio peke yake lina mpaka kwenye chombo hiki. Mtu wa sikio hukaa katikati. Anajua nyimbo zake kwenye funguo mbili au tatu ambazo vidole vimezizoea, na humo anaweza kuwa hodari sana. Mwambie ahamishe wimbo uleule nusu toni juu, yaani hatua moja ndogo kabisa ya piano, kwa sababu mwimbaji ameomba, vidole vyote vinabadilika, mikono yote miwili, pande zote mbili za mvukuto. Kwenye gitaa unasogeza mkono. Kwenye bandoneoni unajifunza wimbo upya. Hapo ndipo noti inapoanza kukuokoa, kwa kuwa unajua unatafuta nini hata kama kidole hakijajua kilipo.

Kwa uaminifu niseme pia kwamba kati ya sikio na noti kulikuwa na njia ya tatu, na watu wanaisahau kabisa. Ni namba. Vifungo vilipewa namba, na karatasi ikaandikwa namba hizo pamoja na alama ya kuonyesha kuvuta au kusukuma. Ujerumani ndiko mtindo huo ulikotoka. Ni rahisi: unasoma 5, unabonyeza 5. Ubaya wake ni kwamba karatasi ya namba inakuambia kidole kiende wapi, haikuambii ni sauti gani inayolia. Mpiga fidla hawezi kuisoma, wala mpiga piano. Mpigaji wa namba anaweza kuwa na tango hamsini mkononi na asiweze kuongea na wenzake kuhusu hata moja. Kwa hiyo ukisoma kwamba mpigaji fulani wa zamani "hakusoma muziki", jiulize kwanza kama alipiga kwa sikio au kwa namba, maana ni watu wawili tofauti.

Wenyewe tango wana majina ya mambo haya. Anayepiga kwa sikio ni orejero, yaani mtu wa sikio. Kupiga bila mpangilio ulioandikwa, kila mtu akijua wimbo na kuingia anapoona panafaa, kunaitwa kupiga a la parrilla, na parrilla ni lile jiko la wavu la kuchomea nyama. Maneno hayo hayana dharau. Mpigaji mwenye noti zote duniani anatakiwa aweze kupiga a la parrilla, la sivyo hachukuliwi. Hapa ndipo mabishano ya mtandaoni yanapoharibika: watu wanadhani ni lazima uchague upande, sikio au karatasi. Arolas hakuchagua. Alianza na sikio, akaongeza karatasi, sikio likabaki palepale.

Wanakwaya wanaosoma hapa wasichanganye solfa ya Bombig na ile yetu ya herufi, d r m f s l t. Kwenye solfa ya kwaya, "do" inahama kulingana na ufunguo: ukiambiwa ufunguo wa G, do yako ni G. Argentina, kama Ufaransa na Italia, do haihami. Do ni C siku zote, re ni D siku zote. Ni jina la sauti, si nafasi yake kwenye ngazi. Mtu akikuletea nakala ya tango iliyoandikwa "re menor", maana yake ni D ndogo, basi. Nimekuta watu wameimba melodia nzima kwa ufunguo usio wake kwa sababu ya neno hilo moja.

Sasa swali la maana: hiyo miaka mitatu ilimbadilisha vipi?

Weka Una noche de garufa ya 1909 mkono mmoja, na mkono wa pili La cachila, ya mwanzoni mwa miaka ya 1920 (cachila ni jina la kindege cha nyikani huko). Ile ya kwanza ni nzuri, hainichoshi, lakini imejengwa kwa vipande vifupi vya mdundo vinavyorudiwa, na kila kipande kinakaa vizuri chini ya vidole. Unaweza karibu kuiona mikono ya kijana ikizunguka mahali ilipozoea. La cachila inaanza na melodia ndefu inayoimba. Haiogopi kusubiri. Halafu inakuja sehemu ya mdundo kuijibu, na majibizano hayo yana mpango: unasikia kwamba mtunzi alijua mwisho utakuwaje kabla hajaandika mwanzo. El Marne, yenye jina la mto wa Ufaransa penye vita ya 1914, inakwenda mbali zaidi. Inageuka hali mara nyingi kiasi kwamba wapo wanaoiita tango ya kukaa na kusikiliza. Ukiipiga a la parrilla na watu wasioijua karatasi yake, inavunjika mikononi mwenu. Derecho viejo iko katikati: mdundo mkali, lakini mkono wa kushoto una la kusema.

Lakini nina wasiwasi wangu hapa, na vitabu huwa haviugusi. Tunasema "kabla ya Bombig" na "baada ya Bombig" kana kwamba darasa ndilo lililofanya kila kitu. Katika miaka ileile Arolas alikuwa akikaa na wapiga piano wa daraja la juu, Firpo kwanza, Cobián baadaye. Piano iliposhika nafasi ya gitaa kwenye vikundi vya tango, harmonia nzima ilihama, na mpiga bandoneoni aliyekaa mita moja kutoka kwa piano usiku baada ya usiku anajifunza atake asitake. Sina njia ya kutenganisha kilichotoka dawatini na kilichotoka jukwaani. Ninachosimamia ni kwamba bila kusoma asingeweza kuyashika yale ya jukwaani na kuyaandika. Zaidi ya hapo ningekuwa ninabahatisha.

Wasiwasi mwingine ni mkubwa zaidi, na huu unanikera kwa muda mrefu. Karibu kila maelezo ya Arolas yanasema yeye ndiye aliyeanzisha upigaji wa oktavu kwenye mkono wa kulia wa bandoneoni, yaani melodia inayopigwa kwa vifungo viwili, sauti ya juu na ndugu yake wa chini, pamoja na vifungu vya mikono miwili vinavyokwenda sambamba. Inawezekana kabisa. Waliomsikia walisema hivyo, na De Caro, aliyepiga naye, alikuja kuunda kikundi chake cha watu sita mwaka uleule aliokufa Arolas, akiwa amebeba mengi ya kwake. Lakini watu wanaongeza: "na unasikia wazi kwenye rekodi zake." Hapana. Husikii wazi.

Sababu iko ndani ya sanduku. Fungua bandoneoni uangalie: kwa kila sauti kuna ndimi mbili za chuma, zimepigiliwa kwenye vibati, moja iko oktavu moja juu ya nyingine. Kifungo kimoja, ndimi mbili, oktavu. Ndiyo sauti yenyewe ya bandoneoni, ule ukavu wenye machozi ndani yake. Kwa hiyo ukisikia oktavu kwenye rekodi ya zamani, umesikia chombo. Hujasikia bado kama mpigaji alibonyeza vifungo viwili. Vifungo viwili vingetoa ndimi nne katika oktavu tatu, mbili kati yake zikigongana sauti moja, na kwenye chombo kilicho mbele yako tofauti hiyo ni dhahiri. Kwenye sahani ya santuri ya wakati ule ni suala jingine.

Rekodi zote za Arolas ni za tarumbeta, yaani pembe kubwa iliyokusanya sauti, zile za kabla ya maikrofoni. Rekodi za umeme zimeanza mwaka 1925, na yeye alishakufa mwaka mmoja kabla. Tarumbeta ya kurekodia ilishika takriban hezi (mitetemo ya sauti kwa sekunde) 250 hadi 2,500, basi. Do ya kati ya piano ni hezi 261. Maana yake, kila kilicho chini ya do ya kati kilikuwa kimeanza kupoteza mwili wake, na sehemu kubwa ya mkono wa kushoto wa bandoneoni iko huko chini; kifungo chake cha chini kabisa ni do ya hezi 65 hivi. Unachosikia cha mkono wa kushoto kwenye sahani hizo mara nyingi ni ulimi wa juu tu, ule wa oktavu, wa chini umemezwa. Na juu nako kumekatwa. Kutoka kwenye sauti iliyonyolewa pande zote mbili namna hiyo, mtu anakuambia kwa uhakika idadi ya vifungo vilivyobonyezwa. Mimi siwezi, na sikio langu si baya.

Kosa la pili la rekodi ni mwendo, na hili linarekebishika. Tunaziita sahani za mizunguko 78 kwa dakika, lakini zama za tarumbeta mashine hazikukubaliana. Sahani moja ilikatwa kwa 76, nyingine kwa 80 au zaidi. Anayezihamishia kwenye kompyuta anaweka 78 na kuondoka. Fanya hesabu: kila unapozidisha mizunguko 4 na nusu hivi juu ya 78, wimbo mzima unapanda nusu toni. Sahani ya dakika 3 kwa mizunguko 78 ina mizunguko 234, na ukiizungusha kwa 82 inaisha ndani ya dakika 2 na sekunde 51. Imekuwa ya haraka, imepanda, na sauti ya fidla imekuwa ya kichokozi. Halafu mtu anaandika kwamba "Arolas alipenda mwendo wa kasi."

Njia ya kurekebisha ni hii. Bandoneoni haiwezi kukazwa au kulegezwa katikati ya wimbo kama fidla. Ndimi zake zimeshasawazishwa na fundi kwa tupa, na piano nayo imeshakazwa. Sikiliza basi mwisho wa wimbo, sauti mbili za mwisho, na uzilinganishe na piano iliyosawazishwa sawasawa. Zikianguka katikati ya vibao viwili, mwendo si sahihi. Punguza au ongeza polepole hadi zikae juu ya kibao. Hapo una uwezekano wa vibao viwili, cha juu au cha chini, na ndipo unapochukua karatasi iliyochapishwa uone tango hiyo imeandikwa kwa ufunguo gani. Kosa linalowapata wengi ni kulinganisha mwanzo wa sahani peke yake. Mashine nyingine zilibadilika mwendo kadiri sindano ilivyokaribia katikati, kwa hiyo pima mwanzo na mwisho, na kama vinatofautiana, usiamini kimoja peke yake.

Niguse na suala la nani alitunga nini, kwa sababu linatumiwa kama ushahidi dhidi yake. Comme il faut ya Arolas na Comparsa criolla iliyo kwa jina la Rafael Iriarte ni karibu wimbo mmoja. Cheza moja baada ya nyingine, huhitaji kuwa mtaalamu. Wapo wanaosema: mnaona, hakuweza kutunga, aliokota. Wanasahau jinsi kazi ilivyokuwa. Melodia zilizunguka kwenye mikahawa na kumbi, anayepiga leo kwa huyu kesho anapiga kwa yule, na anayewahi kwa mchapishaji ndiye jina lake linaloandikwa. Katika mazingira hayo kujua kuandika noti kulikuwa kufuli la mlango. Asiyejua kuandika alimtegemea mwandishi, na mwandishi naye alikuwa na masikio. Mimi sitoi hukumu kati ya Arolas na Iriarte. Nasema tu kwamba mwenye kutunga zaidi ya tango 100, zikiwemo La cachila, El Marne, Derecho viejo, Retintín na Lágrimas, hapungukiwi sana kwa moja.

Kinachobaki ndicho kilichonifanya nikae chini kuandika, maana ndicho kinachowapoteza wanafunzi. Wanasema noti zinaua hisia. Wanafungua karatasi ya tango ya Arolas, wanaipiga kama ilivyo, inatoka kama mashine ya kushona, wanasema: si unaona? Afadhali sikio.

Karatasi ya tango haikuandikwa ili ipigwe kama ilivyo. Kila aliyeisoma zama hizo alilijua hilo. Chukua kipimo kimoja cha 2/4, yaani cha mapigo mawili, chenye noti fupi nne zinazolingana kwenye pigo la kwanza. Mpigaji wa tango anakaa kwenye ya kwanza kupita haki yake, anazibana tatu zinazofuata, na anatua kwenye pigo la pili sawa na wenzake. Kwenye sentensi ndefu anaweza kuchelewa kwa kipimo kizima na kulipa deni mwishoni. Wenyewe wanaita fraseo. Huwezi kuliandika bila kujaza karatasi vitanzi na nukta hadi isisomeke, kwa hiyo waliandika noti zilizonyooka na kumwachia msomaji kazi.

Linaloharibika ni hili: mwanafunzi anachelewa, na piano inamsubiri. Ikishamsubiri, hakuna fraseo tena, kuna wimbo uliopungua mwendo. Piano na besi lazima zitembee kama saa ya ukutani, pigo kwa pigo, wala zisimwangalie usoni. Melodia inavutika kwa sababu kuna kitu kisichovutika chini yake. Kosa la pili ni kunyoosha kila sentensi kwa namna moja, chelewa-bana, chelewa-bana, hadi msikilizaji anajua utakachofanya kabla hujafanya. Kosa la tatu ni la mvukuto. Waanzaji wanageuza mvukuto kila wanapopata kifungo rahisi upande wa pili, na sentensi inakatika vipande. Wapigaji wengi wa tango hupiga sehemu kubwa wakiwa wanavuta. Sentensi ikiisha, dole gumba la kulia linabonyeza wenzo wa hewa, mvukuto unafungwa haraka, na sentensi mpya inaanza. Pumzi hiyo inasikika, na ni nzuri ikiangukia mahali pake. Lakini ili iangukie mahali pake lazima ujue sentensi inaishia wapi kabla hujaianza, na hilo ndilo karatasi inalokuonyesha kwa jicho moja.

Kama una karatasi ya La cachila, ipige leo sehemu ya kwanza ilivyoandikwa, polepole, metronomu, kile kifaa cha kugonga mapigo, ikiwa imewashwa, hadi vidole visikosee. Kisha sikiliza rekodi ya kiongozi wa okestra Osvaldo Pugliese ya mwaka 1945 ukiwa na penseli, na uweke mstari mdogo juu ya kila noti anayochelewa. Rudia na ya kiongozi mwenzake Carlos Di Sarli, kwa penseli ya rangi nyingine. Mistari haitalingana, na ya Pugliese itakuwa mingi zaidi. Noti zilizo chini ya mistari ni zilezile, za Arolas. Halafu tafuta mahali utakapofunga mvukuto, na uweke alama ya tatu, ya kwako.